Pua ya Chiriku

Kila asubuhi mama, fundi cherehani, alikuwa ameshaanza kukanyaga pedali kabla jua halijafika dirishani, na binti yake mdogo alikuwa ameshaanza kusema. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Dada yake, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa akimsuka huku akimtania, "Pumzika basi, hata kichana kimechoka kukusikiliza!"

Jambo moja mama alilikataza kabisa: kubembea kwenye geti la chuma. Alasiri moja alipokwenda kupeleka nguo za mteja, Dada alimpandisha mdogo wake getini, akasukuma kwa nguvu. Geti liligonga ukuta, likarudi kwa kishindo. Chuma kikampiga Chiriku puani, damu ikamchuruzika.

Damu ilipokatika, Dada alimfuta uso, akalifua gauni mbiombio.

"Usimwambie mama. Akiuliza, sema una mafua."

"Lakini inauma, Dada."

"Itapoa. Kwani hunipendi?"

Chiriku alimpenda. Akanyamaza.

Kesho yake pua iliziba pande zote mbili. Mama akamfukiza kwa maji ya moto, akampa dawa ya mafua. Siku ya tano homa ilipanda, pua ikavimba na kuwa nyekundu. Mama akambeba mbio hadi hospitali, Dada nyuma yao.

Daktari alichungulia puani kwa tochi. "Mtoto huyu aliumia lini?"

"Hajaumia, daktari. Ni mafua tu," mama akajibu.

Dada alitazama sakafu. Mwishowe akasema, "Mama, nisamehe. Ni geti. Mimi ndiye niliyelisukuma."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Aliketi kwenye benchi, akampakata Chiriku, na hilo lilimchoma Dada kuliko fimbo.

"Damu ilivilia ndani, ikageuka usaha," daktari akaeleza. "Usaha umekula gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika, kama ya sikioni. Hiyo ndiyo nguzo ya pua. Mngemleta siku ileile, tungeitoa ile damu, basi. Usaha nitautoa leo, lakini nguzo iliyoliwa hairudi."

Wiki zilivyopita, pua ya Chiriku ilibonyea katikati. Shuleni wakamwita Bonde. Akawa anakaa dawati la nyuma, uso kaufunika kwa daftari. Dada aliwafokea waliomcheka, lakini moyoni alijua nani aliyeyaanzisha yote.

Mwaka uliofuata walipelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Tutachukua kipande cha gegedu ubavuni mwake," alisema, "tukichonge, kiwe nguzo mpya ya pua."

Dada akasimama. "Chukueni kwangu, daktari. Yeye ameshaumia vya kutosha."

Daktari alimshika bega. "Mwanangu, mwili hupokea vizuri zaidi kilicho chake. Cha kwako unaweza kukikataa."

Dada akaketi, machozi yakimtiririka. Hata hilo hakuweza kumfanyia mdogo wake.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Bandeji zilipoondolewa siku kadhaa baadaye, pua ilikuwa imesimama, ila si ile ya zamani. Ncha iliegemea kushoto kidogo, na ubavuni palibaki kovu refu kama kidole. Daktari aliwaambia kwamba akikua huenda ikahitaji kurekebishwa tena.

Chiriku alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Si yangu hii," akasema.

Kisha akavuta pumzi. Hewa ikaingia pande zote mbili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Inapita," akanong'ona.

Dada aliinamisha kichwa, akalia kwa kwikwi. Mama akawavuta wote wawili kifuani.

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua," alisema. "Hasira zangu zingeisha jioni ileile, wanangu. Lakini uso huu ni wa maisha yote. Ukiumia, sema. Ukimuumiza mwenzako, sema upesi zaidi, maana yeye ndiye anayebeba maumivu wakati wewe unabeba siri."

"Nimesikia, mama," Dada akajibu. Akanyoosha mkono kwa mdogo wake. Chiriku alisita kidogo, halafu akaushika.