Habari Iliyosubiri Karoti

Kila Jumamosi Jackline alikuwa na kazi zake, na mama yake hakuwa mtu wa kukumbusha mara mbili. Alifagia uwanja, akawapa ng'ombe majani, akaosha vyombo, kisha akaandaa chai na viazi vya kuchemsha vya kupeleka bondeni, ambako karoti zilikuwa zikioshwa. Nyumba yao iko juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Kifungilo. Huko, asubuhi za mwezi wa saba, hata mbwa hataki kutoka jikoni. Ukitia mkono kwenye maji ya kijito, vidole vinakufa ganzi.

Aliyeshinda ndani ya maji hayo alikuwa Silvano. Wazazi wake walitoka Songea zamani kuchuma chai huko Bulwa, upande wa mashariki wa milima ya Usambara, naye akazaliwa hukohuko. Mama Jackline alimwajiri baada ya mume wake kupata kazi Tanga na kumwachia shamba peke yake. Majirani walimsifu kwa jinsi alivyoishi na kijana huyo. Silvano alikula nao mezani, alinunuliwa buti na koti la mvua, na sikukuu hakusahauliwa.

"Silvano si kibarua," mama alipenda kusema. "Silvano ni mtoto wa nyumbani." Na aliposema hivyo aliamini kabisa kwamba ni kweli.

Jumamosi hiyo simu ya mama ililia mezani wakati Jackline akimimina chai kwenye chupa.

"Haloo, shikamoo," alisema.

"Marahaba. Hapo ni kwa Mama Jackline? Mimi ni Sesilia, dada yake Silvano, napiga kutoka Bulwa. Simu yake mbona haipatikani?"

"Iliingia maji juzi, dada. Mimi ni Jackline."

"Jackline, mdogo wangu, nisikilize vizuri. Mama yetu ana hali mbaya. Tangu jana anamwita Silvano tu. Mwambie aache kila kitu, aje. Akiondoka sasa hivi atamkuta. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Jackline aliacha chupa wazi, akakimbia. Lakini mtu wa kwanza kukutana naye njiani hakuwa Silvano. Alikuwa mama yake, akitoka shamba la juu na tenga la karoti kichwani. Jackline alimweleza yote huku akihema. Mama alitua tenga lake.

"Maskini, mama wa watu," alisema, na hakuwa akiigiza. Kisha aligeuka, akatazama bondeni.

Karoti za shamba zima zilikuwa zimeshang'olewa. Fuso la mnunuzi kutoka Dar es Salaam lilitarajiwa alasiri, na karoti ikishang'olewa haina subira, hunyauka. Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio, vibarua wengine wote walikuwa wamekwenda kuuza mazao yao. Kuosha na kufunga magunia yote kulimtegemea Silvano.

"Umemwambia mtu mwingine?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ndiyo nilikuwa naenda kumwambia."

"Usimwambie. Habari kama hiyo haipelekwi na mtoto. Wala mtu haambiwi akiwa amesimama ndani ya maji. Anaitwa, anakaa, anakula, ndipo mtu mzima anamweleza taratibu. Nitamwambia mwenyewe gari likishaondoka."

Ni kweli kwamba ndivyo watu wa huko wanavyofanya, na ni desturi nzuri, kwa maana inamkinga mtu asianguke kwa mshtuko. Ila haikuwekwa kwa ajili ya karoti. Mama Jackline alilijua hilo, ndiyo maana alisema huku akipangapanga tenga lake badala ya kumtazama binti yake.

"Lakini mama, dada Sesilia amesema aende sasa hivi."

"We mtoto, unanifundisha? Wazee huumwa na kupona. Kachukue chai upeleke."

Jackline alishuka bondeni na chupa ya chai. Silvano alimpokea kwa tabasamu, akashika kikombe kwa mikono miwili ili apate joto.

"Afadhali umekuja, Jackline. Baridi ya leo si mchezo." Alikunywa kidogo. "Nimemwota mama yangu. Kuna simu yoyote iliyopigwa kutoka nyumbani?"

Jackline aliangalia maji. Akisema ndiyo, atakuwa amemvunjia mama yake heshima. Akisema hapana, atakuwa amemdanganya mtu aliyemfundisha kukamua ng'ombe na ambaye hajawahi kumfokea hata siku moja.

"Hapana, kaka," alisema.

"Basi ni ndoto tu. Nikimaliza mzigo huu nitamwomba mama yako simu, niwasalimie."

Akarudi majini, akaosha kwa bidii zaidi ili amalize mapema.

Mchana ukungu uliziba barabara, na fuso likachelewa kupanda mlima. Gunia la mwisho lilipakiwa jua linazama. Ndipo mama alipomwita Silvano ndani, akampakulia ugali na maharage, na alipokwisha kula akamwambia kwamba dada yake amepiga simu, mama yao ni mgonjwa sana. Hakusema simu ilipigwa lini. Silvano aliinuka akiwa bado na mkono mchafu. Lakini saa hizo magari ya kushuka Mombo yalikuwa yamekwisha. Aliondoka alfajiri, na gari la kwanza.

Siku hiyo adhuhuri Sesilia alipiga tena. Mama yao alikuwa amefariki jana yake, magharibi. Wakati huo Silvano alikuwa na gunia begani.

Mama Jackline alikaa jikoni muda mrefu, moto ukamzimikia. "Angeondoka asubuhi angemkuta," alisema mwishowe. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga, na huyu hakukawia kuzaliwa.

Kesho yake mama na Jackline walifunga safari ya kwenda kuhani. Walishuka Mombo, wakapita Muheza, wakapanda tena milima kati ya mashamba ya chai, na walipofika mazishi yalikuwa yamekwisha. Waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Silvano alikaa peke yake kwenye gogo, nyuma ya watu wote.

"Karibuni. Poleni na safari," Sesilia aliwapokea kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa makavu. "Mwajiri wake umekuja, ni vizuri. Labda wewe utatueleza ni kazi gani hiyo inayomshinda mtu kuiacha ili amuage mama yake."

"Dada, nimekwambia niliambiwa jioni," Silvano alisema kwa unyonge.

"Niliongea na mtoto asubuhi, Silvano! Usiongeze uongo juu ya msiba."

"Mtoto mwenyewe nilimuuliza. Alisema hakuna simu, na yule mtoto hasemi uongo."

Jackline aliposikia hivyo alitamani ardhi ipasuke. Watu wote walikuwa wanamlaumu Silvano, na bado yeye alikuwa anamtetea Jackline! Alisimama.

"Shikamooni," alisema. "Dada Sesilia, kaka Silvano anasema kweli. Ulinipigia asubuhi, yeye akaniuliza nilipompelekea chai, nikamdanganya. Kaka, nisamehe."

Mama Jackline alisimama, akamshika binti yake bega.

"Msimlaumu mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilikuwa na mzigo wa karoti, na nikaona Silvano akiondoka karoti zitaharibika. Nikajidanganya kwamba naifuata desturi. Silvano hakumkataa mama yake. Hakuambiwa. Naombeni msamaha kwenu nyote, na kwake zaidi."

Sesilia alijifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti. Kisha alikwenda kwenye gogo, akamkumbatia mdogo wake, akampeleka kukaa mkekani, pale mbele, mahali pa mwana wa marehemu.

Jioni, kabla ya kuagana, Silvano alimwita Mama Jackline kando.

"Nimekusamehe, mama. Umenirudishia dada yangu, na ulikuwa na uwezo wa kunyamaza. Lakini kazini kwako sitarudi. Kila nitakaposhika karoti nitakumbuka kwamba nilikuwa naziosha wakati mama ananiita."

Mama Jackline aliinamisha kichwa.

Njiani kurudi, walipokuwa wamekaa kituoni Muheza wakisubiri basi, Jackline aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwani sisi tulimtendea vibaya siku zote?"

"Hapana, mwanangu. Na hilo ndilo lililonidanganya. Nilimlisha vizuri na kumvisha vizuri, nikadhani nimemaliza wajibu wangu. Mtu anayekufanyia kazi amekupa nguvu za mikono yake. Hakukupa mama yake, wala machozi yake. Habari yake ni mali yake, na mimi niliizuia kama vile ni yangu." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nitapata kibarua mwingine. Lakini yale aliyotaka kuambiwa na mama yake siwezi kumpa tena."

"Na mimi nilikosea, mama."

"Ulikosea kwa kunitii. Sasa nisikilize. Siku nikikutuma tena umfiche mtu jambo lake, unikatalie."

Jackline alimtazama kwa mshangao. Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa neno kama hilo. "Hata ukinikasirikia?"

"Hata nikikuchapa," mama alisema. "Unikatalie hivyo hivyo."