Sauti Chini ya Nyumba ya Mbelgiji

Likizo ya Pasaka ya mwaka ule wa vita, kila asubuhi tulijipanga mbele ya kanisa letu huko Kalundu, kila mmoja na chupa yake ya maji na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Madame Candide, mwalimu wetu wa historia, alikuwa akitutembeza kwenye njia za zamani za mlimani, zile ambazo wapagazi walipita na mizigo ya Wabelgiji. Mapigano yalikuwa yamesogea mbali, lakini Madame hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kuondoka mahali popote alifungua daftari na kuita majina. Mmoja tu asipoitika, hatuondoki.

Siku ya nne tulifika kwenye nyumba ya mkubwa mmoja wa Kibelgiji, iliyobaki kuta na sakafu ya mbao. Mikaratusi ilikuwa imeizunguka, na sikusikia ndege hata mmoja. Madame alituonyesha uwanja ambapo wapagazi walisimamishwa wakisubiri mizigo.

"Wengi hawakurudi kwao," alisema. "Hakuna anayejua walizikwa wapi. Humo ndani musiingie. Hatujui askari waliacha nini."

Ukungu ulianza kushuka. Rafiki yangu Délice, ambaye ukimkataza kitu ndipo anapokitaka, alinivuta pembeni.

"Generose, minye naingia kuangalia kidogo tu. Akiita jina langu, weye uniitikie. Nitawafikia mbele."

Darasani tulikuwa tumezoea kuitikiana hivyo, Madame akiwa ameinamia daftari. Basi alipoita "Délice!" nilibana pua, nikajibu, "Niko!" Nilijiona mjanja kweli.

Tuliteremka hadi kona ya kwanza. Kila nilipogeuka niliona mtu amesimama kwenye ukungu, nikimkazia macho ni kisiki. Délice hakutokea.

Ndipo tukasikia sauti. Ilikuwa nyembamba na ndefu, na ilionekana kutoka ardhini. Ilinyamaza, ikaanza tena. Nywele zilinisimama.

"Iko wapagazi," alinong'ona Kwizera, mkubwa kuliko sisi wote. "Banaita!"

Wadogo walianza kulia. Madame mwenyewe alibadilika uso. Alitazama daftari lake.

"Sisi wote tuko hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo si wetu, na huenda ni mtego. Twende haraka, musigeuke nyuma."

Wakaanza kukimbia. Nilitaka kukimbia nao, Mungu anisamehe. Nilijua adhabu inayoningoja. Lakini sauti ilipanda tena, na safari hii niliitambua.

"Madame!" nilipiga kelele. "Ni Délice! Ameingia mule nyumbani. Si yeye aliitika, minye njo niliitika jina lake!"

Madame aligeuka papo hapo. Alimwachia Kwizera watoto, akanishika mkono, tukapanda mbio. Ndani ya nyumba, mbao zilizooza zilikuwa zimevunjika na kuacha shimo jeusi. Chini yake, kwenye ghala la zamani, Délice alikuwa amekaa gizani, mguu umeteguka, sauti imeanza kumkauka.

Madame alifungua kitenge chake cha kiunoni, akakifunga na changu, tukamvuta juu polepole. Njia nzima tulimbeba kwa zamu. Ilipofika zamu yangu sikukubali kumwachia mtu mwingine, hata mabega yalipowaka moto.

Mlangoni kwa mama yake Délice, Madame aliniamuru nieleze yote, mwanzo hadi mwisho. Nilieleza nikilia. Mama yule alimkumbatia binti yake.

"Generose," Madame akasema, "ulidhani umemsaidia rafiki. Lakini siku hizi za vita daftari hili ndilo linalonirudisha nyuma kumtafuta mtoto. Ukisema uongo kwamba yupo, umeninyima sababu ya kumtafuta. Nilimsikia mwanafunzi wangu akilia, nikaamuru watu wamkimbie."

Alifunga daftari. Nilipoinua macho, niliona naye analia.