Nyumba ya Yahya Haibaki Tupu

Safari yenyewe haikupangwa. Jumamosi ile Mina alikuwa ametoka kupeleka samaki kwenye mahoteli ya Bagamoyo, ameosha kirikuu chao, gari dogo la mizigo, mpaka shombo ikapungua, ndipo mumewe Bwanausi akatoka ndani amevaa shati la Idi na kumwambia twende Mkange. Hivi hivi. Kumwamkia shangazi yake, halafu kumwona Yahya.

Bwanausi na Yahya walikaa dawati moja miaka saba, wakaoa mwaka mmoja, na Mina na Adila, mke wa Yahya, waliitana shoga. Lakini miaka miwili iliyopita Yahya aligeuka. Alimpigia Bwanausi simu akamtukana matusi ya nguoni, akabadili namba, na baba yake Bwanausi alipofariki hakutokea hata kuzika. Bwanausi aliumia kuliko alivyokubali kusema. Asubuhi hiyo, alimweleza mkewe, ameamka kinyongo hana tena, na akingoja kupanga safari hatakwenda milele.

Basi wakamwacha binti yao Jasmin kwa jirani, wakaondoka. Mina ndiye aliyeshika usukani. Walipita Msata, wakakunja njia ya vumbi ya Miono, na njia nzima Bwanausi alisimulia visa vya shuleni huku akicheka peke yake.

Shangazi, Bi Sikuzani, aliwapokea kwa furaha ya mtu asiyetarajia mgeni. Aliwapakulia muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akawauliza habari za kila mtu mmoja mmoja. Bwanausi alipomtaja Yahya, shangazi akaacha kula.

Mama yake Yahya ndiye aliyetangulia kufa, shangazi akawasimulia kwa sauti ya chini. Kisha Adila, mwezi wa Ramadhani uliopita. Kisha kaka yake Yahya, aliyekuja kumpa pole. Wote walifia ndani ya nyumba ile, wala hakuna aliyeugua. Adila alizikwa na watu sita, maana Yahya aliwafukuza waombolezaji kwa mawe. Watu wanasema anafuga kitu.

Mina alilia. Adila alikuwa amekufa miezi yote hiyo, na yeye alikuwa akimsema vibaya.

Shangazi aliwasihi walale, asubuhi warudi kwao. Bwanausi alikataa kwa adabu. Mwenzake amezika watu watatu peke yake, alisema, na yeye kakaa Bagamoyo ananuna. Atampa mkono tu. Kabla ya Magharibi watakuwa wamerudi.

Nyumba ya Yahya ilikuwa mbali kidogo na nyingine, mwisho wa shamba la mikorosho. Jua lilikuwa bado lipo, jekundu, chini ya matawi. Uani palikuwa pamefagiliwa. Chini ya mkorosho mmoja kulikuwa na mkeka, blanketi na sufuria, kama kwamba mtu analala pale nje. Madirisha ya nyumba yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Mlango ulikuwa wazi.

Mina alishuka, akasimama. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na ndege. Kulikuwa na harufu ya udi, na chini ya udi harufu nyingine... kama machinjioni asubuhi.

Bwanausi alipiga hodi.

Akasogea karibu na kizingiti.

Akapiga tena.

"Karibuni," sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani. Sauti laini, yenye tabasamu. "Karibu, shoga. Mbona mmetutupa hivyo?"

Mina alirudi nyuma hatua moja. Aliijua sauti ile. Alijua hata kikohozi kidogo kilichoifuata.

"Baba Jasmin," alinong'ona. "Huyo ni Adila."

Mumewe hakumsikia, au alisikia akadhani amekosea, kwamba huenda ni ndugu wa marehemu. Alikwisha kuvua kiatu. Alikwisha kupitisha mguu wa kulia juu ya kizingiti.

Ndipo Yahya akatokea mikoroshoni, mbio, ndoo ya maji imemponyoka nyuma yake. Mkononi alikuwa na panga.

Alikuwa amekonda, macho yamezama. Hakusalimu. Bwanausi aligeuka nusu, akaanza kutabasamu, na Yahya akamkata begani.

Damu iliruka mpaka kwenye kanga ya Mina.

Yahya alimshika Bwanausi shati akamvuta nje kwa nguvu zote, akimpiga kwa bapa la panga mgongoni, kichwani, mikononi, huku akihema. Mina aliona mchi umeegemezwa ukutani. Aliuchukua kwa mikono miwili akampiga nao Yahya ubavuni. Akasikia mfupa ukilia. Yahya alipiga magoti, akainuka, na badala ya kumrudishia Mina akamsukuma kuelekea garini.

"Ondoka, shemeji," alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Mwondoe. Nakuomba."

Mina aliinua mchi tena. Lakini hakuushusha, kwa sababu aliona kwamba Bwanausi hasogei.

Alikuwa amelala kifudifudi barazani. Mguu wa kulia ulikuwa bado ndani.

Kisha akavutwa.

Akaenda nyuma mpaka gotini, kucha zake zikikwaruza saruji. Akapiga ukelele ambao Mina hakuwahi kuusikia kwa mtu. Mina alitupa mchi akamdaka mikono. Yahya akamdaka kiunoni. Wakavuta. Goti likatoka tena nje, kisha muundi, na hapo ndipo Mina alipoviona vilivyomshika. Mikono. Mikono mingi kwenye kifundo kimoja. Mmoja wa kizee, ngozi imekunjamana. Mmoja mnene wa mwanamume. Mmoja mwembamba, wenye pete ya ndoa. Hakuna mtu aliyeonekana nyuma ya mikono hiyo. Kiza tu, na kunong'ona, watu wengi kwa upole... karibu... karibu... kaa kitako...

Mfupa wa nyonga ukalia. Bwanausi akazirai.

"Tunamchana," Yahya alisema. Alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. "Wakishashika hawaachi. Shemeji, mshike sana."

Mina alielewa kabla hajaona panga linapanda. Alitaka kusema hapana. Alifumba macho akaishika mikono ya mumewe.

Pigo la kwanza. La pili. La tatu.

Wakaanguka wote watatu kwa mgongo, na ndani ya nyumba pakawa kimya, kama watoto waliopewa walichokuwa wakililia.

Yahya alivua mshipi wake akaukaza chini ya goti la Bwanausi, akafunga kisiki kwa blanketi lake. Alipokuwa akifunga ndipo aliponong'ona, asimtazame Mina usoni. Mama yake alipokufa hakuweza kuvumilia pengo aliloliacha. Alikwenda kwa mganga, ng'ambo ya Mto Wami, akaomba kitu kimoja tu: nyumba yake isibaki tupu.

"Na haijabaki tupu," alisema. "Anayeingia hatoki. Halafu naye anakaribisha wengine. Mama alipoanza kuwaita watu kutoka ndani, nilimtukana mwenzangu ili asije. Nililala nje ili nimzuie kila mtu, hata kwa panga. Leo nilikwenda maji tu, shemeji. Maji tu."

Mina alimwambia apande nyuma waondoke wote.

Yahya alitikisa kichwa. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Nikiondoka, watanifuata kwenu."

Wakambeba Bwanausi mpaka kwenye gari. Kwenye kioo, Mina alimwona Yahya akirudi barazani, ameshika ubavu. Alikaa juu ya kizingiti, mgongo kwa nje, kama mtu anayeziba njia.

Kisha hakuwepo tena. Hakuanguka wala hakusimama. Mlango ukajifunga taratibu.

Bwanausi alipona. Hospitali walitaka fomu ya polisi, na polisi walitaka jina. Mina alilitaja, kisha akasimulia yote, na askari aliyeandika akaacha kuandika katikati. Hata hivyo walikwenda. Walikuta baraza limeoshwa likatakata. Ndani kulikuwa na mkeka uliotandikwa na sahani tano za wali zisizoguswa, wali ungali wa moto. Yahya hawakumpata. Mguu hawakuupata.

Miezi minne ikapita. Bwanausi alijifunza kutembea kwa magongo. Alisema mguu usiokuwepo unamwuma, na daktari akamweleza kwamba ni kawaida, mwili huchukua muda kusahau. Mina aliyashika maneno hayo kama dawa.

Lakini mumewe hakusema kuuma tu. Alisema unaoshwa. Kila asubuhi maji ya vuguvugu, na mikono inayoukausha katikati ya vidole. Alisema unakanyaga saruji baridi, huku na huku, kama mtu anayehudumia wageni. Mina alimwomba asimwambie tena, naye akanyamaza.

Ijumaa iliyopita alirudi kutoka msikitini, akakaa barazani, asile. Jua lilikuwa utosini. Jasmin alikuwa akicheza mpira wa rede na wenzake mbele ya nyumba. Mina alimletea maji, akaona jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Nilinyamaza kama ulivyotaka," Bwanausi alisema. "Ila siku tisa sasa sihisi saruji. Nilihisi majani, halafu vumbi. Vumbi siku nyingi."

Mina aliuliza, na leo je?

Mumewe alitazama pale chini, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Leo ni lami," alisema. "Inaunguza. Na hautembei peke yake."