Rubani Aliyeanza Upya Mara Mbili

Ndege ndogo ilipopita juu ya Kasese, Gorret alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Majirani walimcheka kidogo, lakini na wao walitoka kutazama. Rubani alikuwa mume wake, Mumbere, mwana wa wakulima wa kahawa wa Mahango. Mara tatu kwa wiki alileta watalii kutoka Entebbe waje kuona simba na viboko. Akishawashusha, alilala nyumbani kwake. Watu wa Mahango walijivunia kijana wao, na yeye alijivunia kuwashinda wote.

Mumbere alipenda bia. Usiku wa kuamkia safari hakunywa, na kwa hilo alijiona mtu safi. Lakini siku za mapumziko alikunywa, kisha akashika usukani wa gari.

Mwaka 2011 polisi walimsimamisha kwenye barabara ya Bwera. Wakampa kawunyemu, kile kipimo ambacho dereva hukipuliza na pombe ikajitaja yenyewe. Mahakama ikamtia hatiani, akatozwa faini. Mwaka 2012 alikamatwa tena akitoka mazishini. Mara hii alikuwa amejiandaa. Alikunywa vikombe vitatu vya kahawa nyeusi na kutafuna karanga mbichi, kama wataalamu wa baa walivyomfundisha. Kawunyemu haikujali karanga. Mahakama ilimtia hatiani mara ya pili na kumnyang'anya pamiti, leseni yake ya kuendesha gari.

"Kesi ya gari ni ya gari," alimwambia mke wake. "Ndege ni kitu ingine."

Hapo ndipo alipokosea. Rubani hupimwa afya kila mwaka, na kabla ya kupimwa hujaza fomu. Fomu ilimuuliza kama amewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Baada ya kesi ya kwanza aliandika "Hapana." Baada ya kesi ya pili aliandika "Hapana" tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mumbere aliumbuliwa na karatasi za mahakama. Mamlaka ya anga ilizipata, ikamfutia cheti cha afya. Rubani asiye na cheti hicho ni abiria tu. Kampuni ikamwambia akae nyumbani.

Alikaa wiki tatu bila kunyoa ndevu. Ndege zilipopita alifunga dirisha. Rafiki mmoja akamshauri avuke mpaka atafute daktari wa kumsainia karatasi nyingine. Gorret alisikia maneno hayo akiwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini.

"Baba Bright, uongo ndiyo ilikuleta hapa," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Haiwezi kukutoa. Twende kwa musawo Jalia."

Jalia alikuwa jirani yao. Alikuwa muuguzi, au musawo kama wanavyoita kule, katika kliniki ya mjini, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wanaotaka kuacha pombe. Alikuwa mama mpole, lakini hakuzunguka na maneno. Mumbere alimweleza kwamba hajawahi kurusha ndege akiwa amelewa. Jalia alimsikiliza hadi mwisho.

"Kapiteni, umekamatwa mara mbili," alisema. "Umeendesha ukiwa umelewa mara ngapi bila kukamatwa?"

Mumbere alianza kuhesabu vidoleni, akaacha. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jalia akamweleza. Mtu anayekunywa, akajua ni hatari, na bado akashika usukani, tayari pombe inamwamulia. Ndiyo maana watu wa ndege wanauliza habari za barabarani. Kuhusu kahawa alimwambia ukweli: kahawa inamfanya mlevi awe mlevi asiye na usingizi. Ini ndilo linaloondoa pombe mwilini, na ini halina haraka. Chupa moja ya bia hulichukua zaidi ya saa nzima, na hakuna karanga wala maji baridi ya kulikimbiza.

Mumbere aliuliza kama kazi yake imekufa.

"Haijakufa," Jalia alijibu. "Lakini njia ya kurudi iko moja tu. Andika ukweli yote, uipeleke wewe mwenyewe."

Basi wakaandika barua. Mumbere alitaja kesi zote mbili na uongo wake wa mara mbili, akaambatanisha hukumu za mahakama, akaenda Entebbe kwa daktari wa marubani. Daktari yule alikuwa mzee mkavu asiyecheka ovyo. Aliagiza miezi kumi na miwili bila tone la pombe. Jalia angempigia Mumbere simu siku yoyote, bila kumpa habari mapema, naye angekuwa na saa tatu tu za kufika kutoa mkojo upimwe. Kukosa kufika kungehesabiwa kama kunywa. Kila mwezi Jalia angetuma ripoti.

Kampuni ilimpa kazi pale kiwanja cha ndege cha Kasese. Alipima mizigo ya watalii. Pia alifukuza mbuzi, maana mbuzi wa mji ule wanaamini kiwanja kilijengwa kwa ajili yao. Watu walimwita Kapiteni wa Mbuzi. Iliuma sana, hasa pale marubani aliokuwa akiwafundisha walipompungia mkono kutoka juu. Lakini hakunywa. Kila Alhamisi alikaa na kikundi cha Jalia, madereva wa malori na mwalimu mmoja, wakaambizana ukweli. Mwezi wa kwanza mikono ilimtetemeka. Mwezi wa tatu alianza kulala vizuri. Kufikia mwezi wa tisa alikuwa amepimwa mara kumi na moja, na mara zote majibu yalikuwa safi.

Jumapili moja ya mwezi huo wa tisa, yeye na Gorret walikwenda Bwera kumsalimia Edisa, mama yake Gorret. Edisa alikuwa mama wa kanisa. Bia hakuwahi kuionja, na mtu aliyenuka bia hakupita mlangoni kwake. Alimletea mkwe wake kibuyu kikubwa cha bushera, ule uji wa mtama ulioota. Kwetu bushera ni heshima ya mgeni. Mkwe akikataa kibuyu cha mama mkwe wake, amemtukana mbele ya ukoo. Mumbere alikunywa kibuyu cha kwanza. Edisa akaleta cha pili, naye akanywa. Ilikuwa chachu, tena tamu. Mwilini lilimpata joto fulani alilolijua, lakini akajiambia ni jua la Bwera.

Walilala huko, na asubuhi yake simu ililia. Alikuwa Jalia. Alimtaka kliniki kabla ya saa nne, kisha laini ikakatika kabla Mumbere hajajibu.

Mumbere alisimama na simu mkononi. Lile joto la jana likamrudia akilini.

"Mama," alimuuliza Edisa, "ile bushera ni ya siku ngapi?"

"Siku ine, mukwe wangu. Ya siku ine ndiyo iko na nguvu."

Mumbere aliketi chini. Edisa alipoelezwa, alikataa kabisa kwamba bushera ni pombe. Hata hivyo alimhurumia mkwe wake, akampa akili ya watu wa mpakani. Pale Bwera simu hushika mtandao wa Kongo bila kuulizwa, na kila mtu anajua.

"Sema simu ilishika neti ya Congo," alisema. "Haukusikia kitu. Nani atajua?"

Hakika hakuna ambaye angejua. Kama simu haikumfikia, asingehesabiwa kwamba amekosa kufika, na miezi tisa ingebaki salama. Mumbere aliwaza jambo hilo, na mimi simlaumu kwa kuwaza. Kisha akamshukuru mama mkwe wake, akaondoka.

Alifika kliniki saa nne kasorobo. Kabla hajapewa kikopo, alisema.

"Musawo, jana nilikunywa bushera. Ilikuwa ya siku nne. Sikuuliza."

Jalia alipumua kwa nguvu. Alimweleza kile ambacho wengi wetu hatujui. Kimea kikiwekwa kwenye uji, uji huanza kuchacha. Siku ya kwanza bushera ni chakula, hata mtoto hunywa. Kila siku inayopita, sukari yake inageuka kuwa kileo. Ini haliulizi kama kileo kimetoka kwenye chupa ya baa au kwenye kibuyu cha mama wa kanisa. Mkojo ukapimwa, na alama ya pombe ikaonekana.

Jalia aliandika yote kwenye ripoti, majibu pamoja na maneno ya Mumbere. Daktari wa Entebbe alijibu kwa mstari mmoja. Hesabu ianze tena, siku ya kwanza.

Siku hiyo Mumbere alilia. Miezi tisa ya mbuzi na mikojo ilikuwa imemwagika kwa vibuyu viwili vya uji. Gorret alimwacha alie mpaka amalize.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akamwambia. "Kesho ni siku ya pili. Amka, mbuzi beko kiwanjani, wanakungoja."

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Edisa. Alipanda gari mpaka Kasese akiwa na jeri, lile dumu la plastiki, limejaa bushera ya siku ya nne, akaliweka juu ya meza ya Jalia, Gorret na Mumbere wakitazama.

"Wewe unasema mimi, mama wa kanisa, napika pombe?" aliuliza.

Jalia alimsalimia kwa heshima zote, akamkaribisha kiti. Kisha akamwomba anywe bushera yake mwenyewe, kama anavyokunywa nyumbani. Edisa alikunywa vikombe vitatu, akijifuta mdomo kwa fahari. Jalia akampa maji asukutue, wakangoja dakika ishirini wakizungumza habari za wajukuu. Edisa alizungumza sana, hata akaanza kusimulia mambo ya ujana wake ambayo Gorret hakuwahi kuyasikia. Dakika zilipotimia, Jalia alimpa kawunyemu apulize.

Nambari ilipanda. Haikuwa kubwa, lakini haikuwa sifuri.

"Dereva angeponea, mama," Jalia alisema taratibu. "Rubani hapana. Yeye ni sifuri tu."

Edisa aliitazama ile nambari. Akapuliza tena, labda kifaa kimekosea. Hakikukosea.

"Kumbe miaka yote natoka kwa nyumba ya Mungu naenda kulewa," alisema, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia mkwe wake. "Mutoto wangu, mimi ndiye nilikuangusha. Unisamehe."

Mumbere alimsamehe. Edisa alirudi Bwera na kazi mpya. Aliwakusanya akina mama wa kanisa, akawaambia waandike siku kwenye kila jeri. Watoto, wajawazito na madereva wapewe ya siku ya kwanza tu. Wengine walinung'unika. Edisa aliwaambia waende Kasese wakapulize.

Mwaka ukapita, mwezi kwa mwezi. Mumbere alipimwa mara kumi na nne. Alikwenda harusini na chupa yake ya maji. Alikwenda mazishini akiwa na Gorret kwenye usukani. Aliulizwa kama ameokoka, akajibu kwamba ana safari. Majibu yote kumi na manne yalikuwa safi.

Mwishoni mwa mwaka 2014 alikaa tena mbele ya daktari wa Entebbe. Jalia alikuwa kando yake. Mzee yule aliweka karatasi zote mezani, akatoa moja, ile ya bushera. Mumbere alijua kabisa kwamba kazi yake ilikuwa imelala juu ya meza ile.

"Watu wengi wananiletea karatasi safi," daktari alisema. "Sijui kama ni safi ya kweli ama ya bahati. Hii ni chafu, na wewe mwenyewe uliipeleka. Ni kwa sababu ya hii ninakuamini."

Akasaini. Akamwonya kwamba vipimo vitaendelea kwa miaka mingi, na kwamba tone moja litamaliza kila kitu. Mumbere alisema ndiyo kwa yote. Nje ya ofisi alimkumbatia Jalia bila kukumbuka adabu, na Jalia, mwanamke wa Kiislamu mwenye hijabu, akamsukuma huku akicheka machozi yakimtoka.

Hakurudi moja kwa moja kwenye kiti chake cha zamani. Alifanya mafunzo upya na mwalimu, akatahiniwa. Mwaka mzima alikuwa rubani msaidizi, chini ya vijana aliowahi kuwafundisha. Hakunung'unika, maana kila asubuhi aliondoka ardhini. Mwanzoni mwa 2016 akarudishiwa ukapiteni wa ndege.

Kampuni iliruhusu rubani kumpandisha mtu mmoja wa familia pale ndege inapokwenda tupu kuchukua watalii. Gorret alikataa zamu yake, akampa mama yake. Edisa alifika kiwanjani Kasese amevaa gomesi yake ya Krismasi, lile gauni refu la heshima. Alivaa visikilizio masikioni juu ya kitambaa chake cha kanisa, akafumba macho, akaomba kwa sauti mpaka ndege ikawa juu. Alipofumbua, Rwenzori yote ilikuwa dirishani. Akabandika uso kwenye kioo.

Wakageuka kusini, kule watalii walikokuwa wakingoja. Upande wa kulia, mbali kidogo, mabati ya Bwera yaling'aa kwenye jua. Edisa aliliona kanisa lake. Kwenye uwanja wa kanisa kulikuwa na madoa ya rangi rangi. Walikuwa akina mama wenzake, wamejipanga mstari kungoja kumwona.

"Mumbere," alisema, "geuka kule, shuka chini kidogo. Bamama banione."

Mumbere alitazama mashine zake, akautazama mpaka wa Kongo ulio pale karibu. Hakugeuza ndege.

"Hapana, mama," alijibu. "Kule siruhusiwi kupita, na chini ya hapa sishuki."

Tangu aoe, Mumbere hakuwa amemkatalia mama huyu kitu chochote. Kisha bega la Mumbere likashikwa na mkono mgumu wa mkulima, na kicheko kikamjaa masikioni.

"Twende hivi hivi," Edisa alisema. "Mukwe anayeweza kunikatalia mimi, hakuna kibuyu kitamushinda."