Ufa wa Darasa la Nne

Mtaani walimwita Fundi Lipu. Kazi yake ilikuwa kupiga lipu, na ukuta ukipita mikononi mwake ulikuwa laini hata watu wakaupapasa kama kitambaa dukani. Mwenyewe hakujisifu. Alisubiri wengine wamsifu, akakataa kidogo, kisha akakubali.

Kila likizo shule ya msingi ya mtaani ilimwita. Ukuta wa mwisho wa darasa la nne ulikuwa na ufa. Ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda mshazari hadi karibu na paa. Mwalimu mkuu hakutaka wakaguzi wauone. Fundi aliufunika kwa lipu, akapaka chokaa, na ukuta ukapendeza. Mwaka uliofuata ufa ulirudi. Akaufunika tena. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Akiulizwa, alijibu kwa methali aliyoipenda: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka huo binti yake aliingia darasa la nne. Alipewa dawati la nyuma, ubavuni mwa ukuta ule.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, ardhi ilitetemeka. Vikombe viligongana kabatini, mbwa wakabweka, watu wakatoka nje na kutazamana. Kisha kukatulia. Mchana binti alirudi mzima, nywele zimejaa vumbi. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha lipu kikubwa kama sahani, akakiweka mezani.

"Baba, hiki kimeangukia dawati langu," alisema. "Mwalimu alikuwa ameniita ubaoni."

Fundi alikigeuza kipande. Upande mmoja ulikuwa laini sana. Aliitambua kazi yake. Akakaa.

Mkewe alikuwa katibu wa kamati ya wazazi. Alikitazama kipande, akamtazama mumewe. Alitoka kumwita jirani.

Jirani huyo alikuwa mhandisi wa majengo. Watoto walimwita Shangazi Kofia, kwa sababu kila asubuhi alitoka na kofia ngumu ya kazini kwapani. Kesho yake wote watatu walikwenda shuleni, na mwalimu mkuu akawafungulia darasa. Mhandisi alichukua penseli, akaiingiza kwenye ufa. Penseli ilizama yote, ikaangukia nje.

"Fundi, ulifanya nini hapa?"

"Niliziba, dada. Miaka mitatu."

"Hukuziba, ulifunika. Lipu ni nguo ya ukuta. Aliyevunjika mguu haponi kwa kuvaa suruali mpya."

Fundi hakuupenda utani huo.

Mhandisi aliwaeleza polepole. Ardhi ikitikisika, kila ukuta hutaka kwenda njia yake. Kwa hiyo juu ya madirisha panatakiwa mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke jengo zima na kuzishika kuta pamoja, kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Hapa mkanda haukuwepo. Tena, matofali ya pembetatu ile ya juu, chini ya paa, hayakushikwa na kitu. Hayo ndiyo huanguka kwanza. Kisha akaligusa kabati la vitabu mlangoni. Likayumba. Likianguka, alisema, litawafungia watoto ndani.

Mke wa fundi aliuliza kama shule ibomolewe.

"Si lazima, mama. Majengo mengi huimarishwa. Lakini watoto watoke humu kwanza. Nanyi waandikieni halmashauri. Andikeni mlichokiona, si mnachokiogopa. Wekeni picha. Ombeni mkaguzi mwenye ujuzi. Na nakala yenu igongwe muhuri kwamba wameipokea."

Mwalimu mkuu aliwahamishia watoto ukumbini. Wazazi sitini na mmoja walitia saini barua. Baada ya wiki mbili afisa wa halmashauri alifika na faili. Alisoma humo ripoti tatu za shule, mwaka baada ya mwaka: ufa umekarabatiwa, hali nzuri. Wakamwonyesha ule ufa. Alisema ni mmoja tu, upigwe lipu, na watoto warudi darasani Jumatatu. Kisha akaingia darasa la tatu na la tano, akazipapasa kuta.

"Hizi ni nzuri kuliko za ofisini kwangu," alisema.

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya wazazi wenzake. Kwa mara ya kwanza sifa ilimchoma. Akisema, nani atampa kazi tena? Akinyamaza, Jumatatu binti yake anarudi kwenye dawati lile. Aliona aibu, na aliogopa. Akapenya hadi mbele.

"Mheshimiwa, kuta hizo nilizipiga lipu mimi," alisema. "Chini yake kuna nyufa. Nilizifunika kwa mikono yangu. Nipe ruhusa nikuonyeshe."

Afisa alikubali, fundi akaleta nyundo na tindo. Haikuchukua muda. Katika darasa la tatu ulitokea ufa mmoja, la tano nyufa mbili. Mama mmoja mwenye mtoto darasa la tano alijishika kichwa. Mzee aliyesimama dirishani akasema kwa sauti ya chini kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Afisa alilifunga faili. Akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika.

Mambo hayakwenda haraka. Mke wa fundi alifuatilia barua hadi mlinzi wa halmashauri akamzoea na kumwita Mama Ufa. Naye aliitika, akapita. Wakaguzi walikuja, wakapima, wakachora. Watoto walisomea ukumbini na chini ya turubai. Likizo ndefu ilipofika, mafundi waliteremsha matofali ya juu, wakaweka mbao na mabati mepesi. Nyufa zilizibwa kwa ndani, kweli safari hii. Mkanda wa zege ulizunguka kila darasa. Makabati yalifungwa ukutani, milango ikageuzwa ifunguke kwa nje. Nao watoto walifundishwa: ardhi ikitikisika, ingia chini ya dawati, kinga kichwa, shika mguu wa dawati. Ikitulia, toka bila kukimbia, ukahesabiwe uwanjani.

Kazi ya lipu alipewa Fundi Lipu. Mhandisi ndiye aliyesema apewe, maana aliyekubali kosa mbele ya watu hatalirudia. Kuta zilitoka laini kama zamani. Ila mkanda wa zege aliuacha wazi, bila lipu, wa kijivu, kuzunguka darasa zima. Watu walimtania kwamba saruji ilimwishia.

"Ilitosha," aliwajibu. "Hapo nimeacha kila mtu aone."

Muhula uliofuata ardhi ilitetemeka tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Fundi alikuwa juu ya jukwaa, upande wa pili wa mji. Alishuka, akakimbia. Njiani alipata habari kwamba watoto wamehesabiwa uwanjani na wote wapo. Alikimbia hata hivyo hadi shuleni, na kumbe binti ameshachukuliwa na mama yake.

Aliwakuta nyumbani. Binti aliuweka mkoba mezani, akaufungua. Fundi alisimama mlangoni akiutazama mkoba ule.

Binti akatoa daftari la hesabu, akauliza kama chakula kiko tayari.