Karangwa na Mstari Ulionyooka

Sogeeni, majirani, ninyi wa Kamembe na ninyi wa ng'ambo ya mto Rusizi. Nawaeleza yaliyoikuta nyumba ya Karangwa, na msidhani ilikuwa nyumba ya watu wabaya.

Miaka ile ya baada ya vita, Karangwa alirudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto, na sanduku moja la bati, akapata kazi katika kituo kimoja cha afya kilimani juu ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kutunza friji ya chanjo. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, na kila asubuhi alipiga magoti kuangalia moto wake. Ukiwa wa buluu, alishukuru. Ukiwa wa njano, alisafisha utambi. Kisha alifungua mlango na kusoma kipimajoto, na muuguzi mmoja aitwaye Vénantie aliandika kwenye daftari.

"Ngapi?"

"Tano."

"Tano kweli, ao ya kunifurahisha?"

"Tano ya Mungu!"

Ndivyo walivyopendana. Asubuhi na jioni waliandika tarehe, saa na joto. Mvua ikinyesha, Vénantie aliandika mvua. Mwaka wa tisini na sita, mizinga iliposikika kutoka ng'ambo, aliandika pembeni: "Bunduki. Digrii nne na nusu." Hata baada ya miaka mingi, Karangwa akinusa mafuta ya taa sokoni alisimama kidogo, akaona tena ziwa likiwa jeupe kwa ukungu, wanawake wakipanda na beseni za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na msichana mwenye kalamu akimsubiri aseme ukweli. Walikuwa maskini, lakini kila kitu walikigusa kwa mikono yao.

Wakaoana. Mwaka wa 2001 wafadhili wakaleta friji ya umeme na kompyuta. Aliyekuja kuviunganisha alikuwa Delphin, fundi wa Bukavu aliyeikimbia vita ya pili ya Kongo na kupanga chumba Kamembe. Alitia kijiti cha kupimia joto ndani ya friji, akavuta waya hadi kwenye kompyuta, na humo akaunda ghala la vipimo. Kila dakika tano joto liliingia lenyewe, likapangwa kwa mfuatano wa saa, na mchoro ukajichora kwenye skrini.

"Papa Karangwa, angalia hapa," alisema Delphin. "Kila kipimo iko na vitu tatu: jina ya friji, saa, na joto. Ikikosa moja, haina maana. Za mwezi huu tunaweka zote. Za zamani tunazipunguza, kila saa inabaki na wastani yake, kusudi kompyuta isijae."

"Na umeme ikikatika?"

"Pale panabaki wazi. Usipaguse. Pengo nayo ni habari. Inakuambia: hapa hatukujua kitu."

Wiki ya kwanza walicheka sana. Karangwa alikuwa ameweka saa ya kompyuta kwa Kiswahili, akaandika mbili badala ya nane, na mchoro ukaonyesha joto la adhuhuri linapanda alfajiri. Delphin akarekebisha, akamwonyesha pia kengele: joto likipita digrii nane, italia.

Ikalia kweli. Umeme wa siku zile ulikwenda na kurudi utakavyo, na kila uliporudi kengele ilipiga kelele katikati ya kliniki, watoto wakashtuka, mama zao wakanung'unika. Miezi ya kwanza Karangwa alikimbia. Baadaye alitembea. Siku moja akaizima, akajiambia ataiwasha kesho.

Kisha akaja msimamizi, akatazama mchoro na mapengo yake.

"Haya mashimo ni nini? Huwa unalala kazini?"

Vénantie alikuwa amesimama pale, na Karangwa aliona haya mbele ya mke wake. Jioni hiyo alipekua kompyuta hadi akakuta mahali pa kuiamuru kwamba kipimo kikikosekana, irudie kile cha mwisho. Akaamuru hivyo, hata kwa siku zilizopita. Mashimo yakaisha. Majuma yalivyopita mstari ukazidi kunyooka, hata ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Msimamizi aliporudi alimpongeza, na mchoro ukabandikwa ukutani ili wageni wauone.

Jamani, friji inayofunguliwa mara ishirini kwa siku haiwezi kuchora mstari wa namna ile. Karangwa alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini ni nani kati yetu anayeikagua sifa anayopewa?

"Papa Teta," mkewe alimuuliza siku moja, maana wakati huo walikuwa na binti yao Teta, "bado unafungua friji na kusoma?"

"Ya nini? Mashini inasoma karibu mara mia tatu kwa siku."

Vénantie akatazama ukuta, akaamini. Teta alipotimiza miezi tisa, mama yake alimchanja surua kwa mkono wake mwenyewe, kwa dawa ya friji ile. Majuma hayo hayo masanduku ya chanjo yalikwenda Bweyeye, kwa gari hadi barabara ilipokoma, kisha kichwani kando ya msitu.

Kiangazi kilipoingia, Muhigirwa, mhudumu wa afya wa Bweyeye, alifika kituoni miguu ikiwa imevimba kwa safari.

"Surua imeingia," alisema. "Na batoto benye kadi ya chanjo njo banagonjwa."

Siku mbili baadaye Teta aliamka macho mekundu, homa inamchoma, upele nyuma ya masikio. Vénantie alimpa dada yake mtoto amshike, akaenda kituoni, akafungua friji, akaingiza mkono. Chupa za dawa zilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka sasa hivi kwa kuku. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka. Nyuma, waya wa kijiti ulikuwa umetafunwa na panya. Na kwenye skrini, tano. Tano, tano, tano.

"Karangwa!" Tangu Teta azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina. "Hii tano ni ya nani?"

Karangwa aliinama nyuma ya friji, akaushika waya uliotafunwa.

Delphin akaitwa. Alikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akasukuma kiti nyuma.

"Unaweza kujua iliharibika lini?" Karangwa alimwomba.

"Hapana, Papa. Ungeacha pengo, tungeona siku yenyewe waya ilikatika. Ulijaza yote. Humu namba ziko, vipimo hakuna."

Kwa hiyo haikujulikana ni chupa zipi zilikuwa nzima na ni zipi zilikuwa zimekufa. Watoto wote wa karibu mwaka mzima ilibidi watafutwe, wachanjwe upya. Karangwa aliomba abebe sanduku la Bweyeye yeye mwenyewe. Huko, kwenye kilima cha mwisho, alimkuta mama mmoja, Mukakalisa, aliyekuwa amemzika mwanawe wiki iliyopita. Karangwa alimwambia yeye ni nani na alifanya nini.

Mukakalisa alileta kadi ya mtoto, akaishika kwa mikono miwili.

"Alichomwa tarehe kumi, mwezi wa tatu. Siku ile dawa ilikuwa nzima?"

"Sijui, maman."

"Si weye ulikuwa unapima?"

"Nilikuwa napima. Halafu niliacha, na nikafuta mahali nilipoachia."

Mama yule aliitazama tena ile tarehe. Kuku walipita kati yao. "Ningejua tu," alisema. "Ningejua kama ni dawa ao ni Mungu." Kisha akafungua kanga mgongoni, akamshusha binti yake mdogo, akamnyoosha mkono achanjwe.

Watoto watatu wa Bweyeye hawakupona. Teta alipona, lakini sikio la kulia halikusikia tena, na hadi leo ukimwita hugeuza uso wote kukutafuta. Karangwa aliachishwa kazi, akawa mtengeneza baiskeli Kamembe. Vénantie hakumwacha. Ila ilipita miaka miwili kabla hajamwita tena Papa Teta, na siku aliyomwita, mzee yule aliweka bisibisi chini, akalia mbele ya wateja.

FUNZO

Jamaa zangu, uzembe hauingii nyumbani kwa kishindo. Huingia kwa "nitaiwasha kesho". Ukipewa kazi ya kupima, iwe ni kwa kalamu au kwa kompyuta, andika kilichopo, na usipojua, acha pawe wazi. Aibu ya pengo ni ya siku moja. Nanyi mnaosimamia wenzenu, msimkaripie mtu aliyewaonyesha shimo, maana mtamfundisha kulifunika, na atakayetumbukia humo ni mtoto wa mtu.