Kanda kwa Mke, Kamera kwa Mume

"Kanda unazo, kamera huna?"

Fundi aliuliza huku akizigeuza zile kanda tano ndogo kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Kamera anayo baba wa mtoto."

"Na kanda?"

"Nilizichukua mimi nilipoondoka."

Fundi akavuta kiti karibu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na nyaya za kila rangi. Kazi yake ilikuwa kuhamisha picha za zamani kwenda kwenye kompyuta, na aliijua vizuri. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali hawana dawa yake: kutaka kujua.

"Yaani mmoja alichukua sufuria, mwingine akachukua mfuniko?"

"Tuligawana kwa hasira, Fundi. Sikuwa na muda wa kufikiri."

Mteja huyu alikuwa mwalimu wa hesabu. Jumamosi ile alikuwa anahama na binti yake wa pekee, anakwenda kufundisha shule ya mji mwingine, mbali. Kabla ya kufunga mizigo alitaka kitu kimoja tu: picha za mtoto akiwa mchanga, zitoke kwenye kanda ziingie kwenye kompyuta. Hayo mengine ya kwenye kanda, alisema, yaozee humo humo.

"Huna mashine nyingine ya kuzichezea?" akamuuliza Fundi.

"Nilikuwa nayo, ikafa mwaka jana. Bila kamera yenyewe hizi ni plastiki tu. Mpigie."

"Siwezi. Miaka minne hatuongei, tunapitishiana mtoto mlangoni."

"Basi mwandikie. Vidole havina aibu."

Mwalimu akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Nahitaji kamera kwa siku moja. Ni kwa ajili ya Kidoti. Unaweza kumpa mtu ailete."

Jibu halikumaliza dakika:

"Nitaileta mwenyewe. Ina ugonjwa wake, bila mimi haitembei."

"Ugonjwa gani?" Fundi akauliza macho yakimng'aa. Alikuwa ameshasoma ujumbe wote kupitia begani kwa mwenzake.

Kesho yake asubuhi mume akatokea. Alikuwa mwokaji mikate, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, unga umemganda kwenye nyusi. Akasalimia kwa adabu, akianza na Fundi.

"Habari za asubuhi, dada. Habari za kwako, Mama Kidoti."

"Nzuri."

Hiyo nzuri ilikuwa baridi hata Fundi akatamani kuvaa sweta.

"Haya, kaka, niambie huo ugonjwa," akasema akichomeka waya kwenye kamera.

"Kile kimlango cha kanda hakifungi. Ukikiacha, kanda inapinda na picha inakatika. Lazima ukibane kwa kidole gumba, hapa pembeni, lakini usikaze sana."

Fundi akajaribu, picha ikakatika. Mwalimu akajaribu, picha ikaruka ruka kisha ikakatika. Mwokaji akaweka kidole chake, picha ikatulia.

"Sasa nisikilizeni," Fundi akasema. "Kanda haikimbizwi. Saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa hapa. Kaka, wewe na kidole chako hamwendi popote. Mwalimu, wewe utanionyesha unachotaka. Kaeni."

Wakakaa. Kati yao kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na Fundi akaamua asikae juu yake. Alitaka kuona kitakachotokea.

Kanda ya kwanza ikaanza. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta akatokea mtoto wa siku moja, uso umekunjamana, akipiga miayo. Sauti ya mwokaji, ya ujana, ikasikika nyuma ya kamera: "Mama Kidoti, angalia huku. Angalia, basi!" Na msichana aliyechoka kitandani akacheka, akaficha uso kwa shuka.

Mwalimu wa leo hakucheka. Lakini alisogea mbele.

"Mbona humo ndani mnapendana hivyo?" Fundi akauliza.

Wote wawili wakazidi kukodolea kioo.

"Nauliza tu, si kwa ubaya. Nini kilitokea?"

"Muulize yeye," mwalimu akasema.

"Nilishasema miaka minne iliyopita," mwokaji akasema, macho yakiwa kwenye kidole chake. "Nikiongea mimi naonekana mwongo."

"Basi nitasema mimi." Mwalimu akamgeukia Fundi. "Kwenye hizo kanda kuna moja yenye kasha la bluu. Siku moja natafuta picha za mtoto, naiweka kwenye kamera, namwona baba huyu na msichana sijui wa wapi. Wamekaa kwenye ngazi, kamshika kiuno, wanalishana keki. Pembeni pameandikwa tarehe: kumi na nane Agosti, elfu mbili na saba. Sisi tulifunga ndoa Juni mwaka huo huo. Miezi miwili, Fundi! Na siku hiyo naikumbuka, kwa sababu nilikuwa nimelala na homa peke yangu, na yeye aliniambia yuko kazini mpaka jioni."

"Nilikuwa kazini!"

"Na tarehe je?"

"Nilikwambia yule ni wa zamani, kabla sijakujua wewe. Nikaapa."

"Watu wanaapa kila siku. Tarehe haisemi uongo."

"Ndipo na mimi nikakosea," mwokaji akamwambia Fundi taratibu. "Nikamwambia, kama unaamini mashine kuliko mimi, nenda. Akaenda."

Fundi alikuwa na maswali kumi na mawili mdomoni. Akayameza yote kwa shida, maana kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha na kilihitaji jina. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake: kila kipande anakiita kwa tarehe iliyoandikwa kwenye picha, ili mteja asipotee baadaye.

Akaandika kwenye kompyuta, akisoma kwa sauti: "Mtoto mchanga. Tisa Machi, elfu mbili na kumi."

"Na tisa," mwalimu akasema.

"Nini?"

"Andika elfu mbili na tisa. Kidoti alizaliwa elfu mbili na tisa."

"Mwalimu, kanda inasema na kumi. Tazama pale pembeni."

"Basi kanda imekosea."

Alilisema haraka, kama anavyosahihisha daftari. Kisha akaitazama tena ile tarehe. Mwokaji akainua kichwa.

"Umesemaje?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

Mwalimu akachukua simu na kupiga.

"Kidoti, mwanangu. Ulizaliwa mwaka gani?"

"Mama! Si wewe uliyenizaa?"

"Nijibu tu."

"Elfu mbili na tisa. Kwani vipi, wameniandika vibaya shule mpya?"

"Hapana, mama. Endelea kufunga vitabu vyako."

Akakata. Akaitazama kamera kama mwanafunzi aliyemwamini miaka yote na leo kamkuta ananakili.

"Nani aliweka saa ya hii kamera?"

"Sijui. Niliinunua kwa mtu, imeshatumika," mwokaji akasema. "Mimi hata saa ya ukutani nakuachia wewe, unanijua."

"Inaonyesha mwaka mmoja mbele," Fundi akasema, sauti imejaa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Mwenye kamera wa kwanza alibonyeza mara moja zaidi! Lakini ngoja. Inawezekana iliharibika baadaye. Mna kanda ya harusi?"

Ilikuwepo. Wakaibadilisha. Mwokaji akabana kimlango, na bibi harusi akatokea akishuka kwenye gari. Pembeni: ishirini na tatu Juni, elfu mbili na nane.

"Mlioana lini?"

"Na saba," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Mwalimu akasimama. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. Mtu wa hesabu hakubali jibu kwa njia moja tu.

"Niwekee ya bluu."

"Una uhakika?" mwokaji akauliza.

"Iweke."

Msichana wa kwenye ngazi akatokea, na keki yake. Mwokaji akageuza uso pembeni kwa aibu, kidole hakukiondoa. Mwalimu alisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Mara ile ya kwanza alikuwa ameitazama kwenye kile kioo cha kamera, kidogo kama kiberiti. Sasa kila kitu kilikuwa kikubwa.

"Hizo ni nini?" akauliza.

"Nini?"

"Juu ya mdomo wako."

Fundi akainama. "Sharubu. Tena zimechongoka kama za afande!"

"Hizo sharubu nilimnyoa mimi," mwalimu akasema. "Mwezi mmoja kabla ya harusi. Nilimwambia siolewi na mtu mwenye ufagio usoni. Na hajafuga tena mpaka leo."

Akakaa. Safari hii alikaa kwenye kile kiti cha katikati, labda hata hakujua.

"Kwa hiyo hii ni elfu mbili na sita," akasema polepole. "Hata jina langu ulikuwa hulijui."

"Tulikutana Desemba," mwokaji akasema.

"Na Agosti ile yenye homa, ulikuwa wapi kweli?"

"Kwenye tanuri. Nilikuletea mkate wa maziwa jioni, ukautapika wote juu ya shati langu."

Mwalimu akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na si jambo zuri kulitazama, lakini Fundi alilitazama lote.

"Nisamehe," mwalimu akasema. "Nimekunyima familia yako miaka minne kwa ajili ya kitufe. Nawafundisha watoto wa watu kila siku: hakiki jibu lako kabla hujakabidhi karatasi. Mimi sikuhakiki."

"Na mimi nisamehe."

"Wewe kosa lako nini?"

"Nilikuacha uende. Ungeniuliza mara ya pili ningekueleza vizuri, ningeitafuta hiyo kanda ya harusi, ningefanya kitu. Nikaona fahari kununa. Nilikaa na hii kamera juu ya kabati nikisubiri urudi kuiomba. Miaka minne, Mama Kidoti. Kila mwezi nilikuwa naichaji."

"Unaichaji ya nini na kanda huna?"

"Sijui. Nilikuwa nakupenda, sikuwa na kazi nyingine ya kufanya na hilo pendo."

Fundi akajifanya anatafuta waya chini ya meza. Hakukuwa na waya wowote chini ya meza. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na swali bado lilikuwepo.

"Sasa Jumamosi je?"

Mwalimu akashusha pumzi.

"Jumamosi nahama. Nimesaini, wanafunzi wananisubiri, siwezi kuwaacha."

Mwokaji akaitikia kwa kichwa. Akaanza kutoa kanda kwenye kamera, taratibu sana, kama mtu anayetoa mkate ambao haujaiva.

"Nakuelewa," akasema. "Kidoti nitakuwa naye likizo."

"Sijamaliza."

"Ehe?"

"Nilikwenda kukagua nyumba ya kupanga kule. Asubuhi nikanunua mkate dukani." Mwalimu akakunja uso. "Mgumu. Unaweza kumpiga nao mwizi. Mji mzima, hawana mwokaji hata mmoja anayejua kazi."

Mwokaji akamtazama.

"Unalalamika au unaniita?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nilishaona vibaya mara moja. Niambie kwa mdomo wako."

"Nakuita," mwalimu akasema. "Mimi na mwanao. Twende wote."

Mwokaji alijifuta unga usoni kwa kiganja, akazidi kujipaka. Kisha akauliza:

"Lori lenyewe lina nafasi?"

"Kabati la vitabu nitaliacha."